Nikilijaza, Inazima

Sentensi ninayotaka kuizungumzia leo haina tamathali, haina vina wala mizani, na aliyeisema hakudhani kwamba anasema neno la kukumbukwa. Alikuwa mwendesha mashine ya kusaga katika kijiji kimoja kilichoko upande wa Ulaya, kwenye barabara itokayo Kilosa kwenda Mikumi. (Wageni hucheka wakisikia jina hilo. Ni Ulaya yetu ya wilaya ya Kilosa; kuifikia hakuhitaji pasipoti, ila wakati wa masika kunahitaji subira.) Alisimama mbele ya kikao cha kikundi cha akina mama wenye mashine, akaulizwa kwa nini tangi la dizeli halijai kamwe ilhali fedha za kulijaza hutolewa kila juma, naye akajibu: "Nikilijaza, inazima. Nikiliacha nusu, inasaga."

Kikao kikaguna. Mimi nilikuwa mwandishi wa muhtasari, kazi ambayo mwalimu mstaafu wa Kiswahili haachi kutwishwa popote anapohamia, nami nikayaandika maneno hayo kama yalivyotoka kinywani mwake, viambishi vyake vyote vikiwa mahali pake. Wajumbe walitaka niandike tu kwamba "mtuhumiwa hakuwa na maelezo ya kuridhisha". Niliwaambia kwamba maelezo aliyatoa. Kuridhika ni jambo jingine.

Kwa kuwa wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watu wa kalamu, yanipasa kwanza kuieleza hiyo mashine. Inaendeshwa na injini ya dizeli ya silinda moja, ya ule mtindo wa Lister ulioanza kuundwa Dursley, Uingereza, karibu na mwaka 1930, na ambao nakala zake zimekuwa zikitengenezwa Rajkot, India, kwa miaka mingi. Yetu ni ya Rajkot. Ina magurudumu mawili mazito ubavuni, huwashwa kwa handeli, na hupozwa kwa maji ya pipa lililosimama kando, ya moto yakipanda na ya baridi yakishuka yenyewe bila pampu. Haina plagi wala cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda hadi ikabaki chini ya sehemu moja ya kumi na tano ya nafasi iliyokuwa nayo, ikapata joto la kutosha kuyawasha mafuta yanapopulizwa humo. Aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli, kisha akaigusa pampu, anajua jinsi hewa iliyobanwa inavyochoma. Mjerumani Rudolf Diesel, aliyeijenga injini ya namna hiyo miaka ya 1890, alifariki mwaka 1913 pasipo kujua kwamba jina lake lingeingia katika Kiswahili, lipoteze herufi kubwa, na kuhesabiwa katika ngeli moja na sukari na chai.

Injini hii ikienda sawasawa huzunguka mara 650 kwa dakika. Ni ya mipigo minne: kuvuta hewa, kuibana, kulipuka, kutoa moshi. Mlipuko basi huja mara moja kwa kila mizunguko miwili, yaani mara 325 kwa dakika, zaidi kidogo ya mara tano kwa sekunde. Nilikaa siku moja chini ya mwembe nikapiga hesabu: mshororo wa mizani kumi na sita, ukipewa mlipuko mmoja kwa kila silabi, hukamilika kwa sekunde tatu hivi. Ni mwendo wa mghani mwenye haraka, lakini unaghanika. Ndiyo maana akina mama walioko mashambani huutambua wakiwa mbali, na hujua mara moja ukipungukiwa, kama sikio la mshairi linavyokwazwa na mshororo wenye mizani kumi na tano. Rafiki yangu mmoja mtunzi huiita injini hiyo tarbia, na misumeno ya kukatia magogo, ambayo huumaliza mzunguko wake kwa mipigo miwili, huiita tathnia. Mzaha huo nimemwachia mwenyewe, ingawa sijapata hoja ya kuupinga.

Ugonjwa ulianza wakati wa mavuno, nyumba zikiwa zimejaa mahindi. Asubuhi injini iliwaka vizuri. Baada ya muda mwendo wake ukaanza kupanda na kushuka pasipo mtu kugusa kitu. Kisha mlipuko mmoja ukakosekana, mwingine ukakosekana, jambo ambalo mafundi hulisema kwa neno moja, kwamba inapiga misi. Mwishowe ikazima taratibu kama mzee anayesinzia barazani. Haikutoa moshi, haikupiga kelele ya chuma. Ikiachwa ipumzike kidogo iliwaka tena kama isiyo na dhambi. Madebe ya mahindi yakapangwa foleni hadi magharibi, na wengine wakajitwika kwenda kusaga kijiji cha pili, mwendo wa zaidi ya saa nzima kwa miguu. Nguzo za umeme zimepita kandokando ya barabara, lakini umeme wa kuendesha kinu kikubwa haujafika pale, kwa hiyo dizeli ndiyo tegemeo.

Kijiji kikatafuta sababu. Wa kwanza kushukiwa alikuwa muuza mafuta, kwamba ameyachakachua. Kitenzi hicho wasomaji wanakijua: kilivuma nchini mnamo mwaka 2010 kwa habari za mafuta ya taa kuchanganywa na dizeli, na kabla mwaka haujaisha kikahamia kwenye kura. Wakanunua mafuta kwingine. Injini ikazima vilevile. Wa pili walisema mashine "imechezewa", na hapo sitaongeza neno. Wa tatu alikuwa fundi mmoja kijana kutoka mjini, aliyeitwa mara mbili. Mara zote mbili aliiwasha ikaenda robo saa nzima bila kikohozi. Akasema ni uzee, injini ifanyiwe ovaholi: pistoni mpya, ringi mpya, beringi mpya. Bei aliyoitaja ingemeza akiba yote ya kikundi na kuwabakizia deni.

Hapo ndipo macho yalipomgeukia mwendesha mashine. Kwa nini ovaholi ihitajike wakati mashine ilikuwa nzima mwaka jana? Kwa nini, zaidi ya yote, tangi huwa nusu kila anapokaguliwa, na dumu la akiba limefichwa nyuma ya pipa? Neno "mwizi" halikutamkwa kikaoni. Lilitamkwa kisimani. Katika muhtasari liliingia kwa vazi la heshima, kama "upotevu wa mafuta". Mama yule ana watoto watatu, na ujira wake wote ulitoka pale mashineni. Akanyang'anywa ufunguo kwa muda, "hadi uchunguzi ukamilike".

Uchunguzi ulikamilishwa na mzee mmoja aliyeletwa kwa bodaboda kutoka upande wa Kimamba, akiwa na mfuko mmoja wa spana. Ujana wake aliumaliza katika karakana ya shamba la mkonge, huko ambako watu waliita mtambo wa kuchambulia mkonge "korona" miongo mingi kabla dunia nzima haijajifunza kuliogopa neno hilo. Macho yake yamepungua nuru. Wote walimwita Babu Fundi, hata mwenyekiti ambaye kwa umri angeweza kuwa mdogo wake.

Alikataa kufungua hata nati moja. "Kwanza nielezeni," alisema. Wakaeleza wote kwa pamoja. Akanigeukia mimi. "Mwalimu, nasikia wewe ndiye uliyeandika. Nisomee." Nikasoma. Nilipofika kwenye maneno ya yule mama akainua mkono, nikarudia. Akanitaka nirudie mara ya tatu, polepole.

"Binti yangu yuko wapi aliyesema hivyo?" Akaitwa. "Shikamoo, Babu." "Marahaba, mwanangu. Hiyo *li* uliyoijaza ni nini?"

"Tangi, Babu."

"Na hiyo *i* iliyozima?"

"Mashine."

"Basi wewe umesema habari za vitu viwili, nao wamekujibu habari za kimoja."

Nimefundisha upatanisho wa kisarufi kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimewachosha vijana kwa majedwali ya ngeli, nikasahihisha "tangi imejaa" kwa wino mwekundu mara zisizohesabika, na siku zote nimetafuta mfano ambao ungewaonyesha kwamba kiambishi cha yambwa kinabeba mzigo. Huu hapa. Katika "nikilijaza", hiyo *-li-* inalinyoshea tangi kidole. Katika "inazima", *i-* inainyoshea injini. Sentensi nzima ni uhusiano wa sababu na tokeo kati ya vitu viwili vilivyotenganishwa kwa silabi mbili. Lugha isiyo na viambishi vya namna hii ingemlazimu kutaja majina yote mawili, na huenda kikao kingeshtuka. Kwa sisi wasemaji wa kila siku, *li* na *i* hupita sikioni kama chenji mfukoni. Wajumbe walisikia "nikijaza, inazima", wakaona ni upuuzi: nani amewahi kusikia mnyama anayekufa kwa kulishwa?

Babu Fundi hakuuona upuuzi. Alilishika gurudumu zito, akalizungusha kwa mkono hadi pistoni ikafika mahali pa kubana, akaliachia. Likarudi nyuma lenyewe. "Pumzi anayo," alisema, maana yake hewa haivuji, ringi na vali zinashika. Akauliza rangi ya moshi injini inapokata. Hakuna moshi, akaambiwa. Hapo akatabasamu. Injini iliyozidiwa na mzigo hutoa moshi mweusi, kwa sababu mafuta ni mengi kuliko hewa ya kuyaunguza. Inayokula oili hutoa moshi wa buluu. Inayozima bila moshi wowote imekosa mafuta. "Huyu anakufa njaa," alisema, "na chungu kimejaa. Nionyesheni kifuniko cha chungu."

Kifuniko cha asili kilipotea zamani. Mahali pake palikuwa na kizibo cha mti kilichoviringishiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kikakazwa vizuri ili vumbi la unga lisiingie kwenye mafuta. Kilikuwa kimetengenezwa mwanzoni mwa mavuno, na kila mtu alikisifu, kwa haki, kwa sababu vumbi la unga ni adui wa kweli wa chujio na nozeli.

Akaamuru tangi lijazwe hadi mdomoni, kizibo kikazwe, injini iwashwe na mahindi yamwagwe. Watu wakasimama kimya. Dakika kumi hazikutimia. Mwendo ukaanza kupanda na kushuka, misi ya kwanza ikasikika, ya pili. Akamwambia yule mama akitoe kizibo kwa mkono wake mwenyewe. Kikakataa, kama kwamba kuna mtu ndani ya tangi anayekivuta. Akakipindua kwa nguvu, kikang'oka, na kabla hajakiweka chini injini ilikuwa imeshika tena mwendo wake, ikighani mizani zake zote.

Maelezo ni mepesi mtu akishayajua. Tangi liko juu, mafuta hushuka kwa uzito wake hadi kwenye pampu. Kila tone linalotoka huacha nafasi, na nafasi hiyo yapaswa ijazwe na hewa kutoka nje. Kifuniko cha asili kina tundu dogo kwa kazi hiyo. Likizibwa, hewa iliyomo tangini hutanuka na kulegea hadi inaanza kuyavuta mafuta yasishuke. Tangi likiwa nusu, hewa iliyomo ni nyingi, hutanuka muda mrefu kabla haijachoka. Tangi likijaa, hewa ni kiduchu, huchoka upesi. Jaribu kunywa maji kwenye chupa ya kioo iliyojaa pomoni, midomo yako ikiwa imeuzunguka mdomo wake wote, utaona ni matone tu yanayokujia. Ndiyo sababu mama yule, aliyegundua kwa uzoefu kwamba nusu tangi husaga zaidi, akawa analiacha nusu na kuweka mengine kwenye dumu. Na ndiyo sababu injini haikuugua mbele ya fundi kijana: alikuwa anapima mafuta kwa kijiti, akakiacha kizibo juu ya dirisha wakati wote wa majaribio. Sijawahi kuona daktari aliyemponya mgonjwa kwa kumpima namna ile na kisha akaondoka na kuandika maradhi mengine, lakini sina budi kusema kwa haki kwamba alichokiona alikiona kweli.

Dawa ilikuwa msumari. Babu Fundi alikitoboa kizibo, akafunika tundu kwa kipande cha wavu mwembamba uliotoka kwenye chujio kuukuu, akaagiza wavu upigwe vumbi kila Ijumaa. Hakutaka malipo ya fundi. Alidai nauli na unga debe moja, dona, siyo sembe.

Kikao kilichofuata kilikuwa kigumu kuliko cha kwanza. Ufunguo ulirudishwa, watu wakapeana mikono, na mwenyekiti akataka mambo yaishe hapo. Mama yule akasema hayajaisha. Alitaka maneno "upotevu wa mafuta" yafutwe. Nikamweleza kwamba muhtasari uliokwisha kuthibitishwa haufutwi, huongezewa marekebisho. Akauliza marekebisho yatasemaje. Mjumbe mmoja akapendekeza: "Imebainika kuwa tuhuma hazikuthibitika." Akakataa. Mwingine: "Suala la mafuta limepatiwa ufumbuzi." Akakataa hiyo nayo, na nilifurahi kimoyomoyo, kwa sababu hizo ni sentensi ambazo mtu hujificha ndani yake. Akasema, "Mwalimu, andika kwamba mafuta hayakupotea." Nikaandika: *Mafuta hayakupotea.* Ndivyo ilivyo hadi leo katika daftari la kikundi, kwenye mstari wake wenyewe.

Kutokana na mkasa huo kikundi kikanipa kazi nyingine, nayo ndiyo iliyonifundisha mengi zaidi. Ndani ya sanduku la spana kulikuwa na kurasa za kitabu cha injini, kwa Kiingereza, na katika ukurasa mmoja jedwali la matatizo: dalili upande wa kushoto, sababu katikati, tiba upande wa kulia. Miongoni mwa sababu za injini kuzima ilikuwamo hiyo ya tundu la kifuniko kuziba. Ilikuwa imelala humo miaka yote. Wakaniomba niliweke jedwali lote katika Kiswahili, libandikwe ukutani.

Nilikaa na watu watatu: Babu Fundi mwenyewe, mjukuu wake aliyesomea ufundi wa magari katika chuo cha ufundi stadi kilichoko Mikumi, mji uliopewa jina la ile mivumo mirefu ambayo wenyeji huiita mikumi, na mama mwendesha mashine, ambaye ndiye angelisoma jedwali hilo mikono ikiwa na mafuta na watu wakimsubiri. Nilikuwa na kamusi zangu mezani. Tangu BAKITA iundwe mwaka 1967 istilahi nyingi zimesanifiwa, na sina uadui na usanifishaji. Nimeula mkate wake. Lakini jedwali la injini lina sharti ambalo makala ya chuoni haina: neno likieleweka vibaya, mkono hukatwa au chuma huvunjika.

Maneno mengine hayakutupa taabu. Pampu, nozeli, chujio, mkanda, nati. Kidhibiti mwendo kilikuwa na jina lake tayari, gavana, na hakuna aliyetaka kukibadilisha jina. Mjukuu alisema huyo ndiye gavana pekee anayefanya kazi bila msafara. Nguvu ya kubana hewa tuliiita pumzi ya injini, kwa sababu ndivyo mzee alivyosema siku ile na kila mtu alielewa. Nozeli nzima, injini ikizungushwa kwa mkono, hutoa sauti ya mkwaruzo mafuta yanapopuliziwa ndani. Tukaandika kwamba ikoromapo ni nzima, ikinyamaza ikaguliwe. Nilipenda hilo, maana katika maisha ya kawaida ni aghalabu kukoroma kuhesabiwa kuwa heri.

Taabu ilikuja kwenye hewa. Kitabu kinaagiza mambo mawili. Kwanza, hewa iingie tangini. Pili, hewa itolewe kwenye bomba la mafuta, kwa sababu povu dogo tu kati ya pampu na nozeli huzuia mafuta yasipulizwe: pampu hulibana povu likanywea, kisha likatanuka tena, na nozeli haifunguki. Mafundi hulegeza nati ya bomba, huzungusha injini hadi yatoke mafuta matupu yasiyo na povu, kisha hukaza. Kwa Kiingereza hewa ni ileile katika safu zote mbili. Nikiandika "ingiza hewa" mstari wa tatu na "toa hewa" mstari wa tano, msomaji mwenye haraka atafanya nini? Huenda akakaza kizibo tena ili hewa isiingie, tukarudi kule tulikotoka.

Mama yule ndiye aliyelitatua. Alisema mafundi hawasemi "toa hewa", wanasema "toa upepo". Kwa Kiswahili cha darasani upepo ni hewa inayokwenda, unaovuma baharini na kuangusha migomba. Kwa Kiswahili cha karakana upepo ni hewa iliyofungiwa mahali: tairi hujazwa upepo, mpira huisha upepo, bomba huingia upepo. Na hewa ambayo kitu hukiweka hai ni pumzi. Basi tukagawanya. Kilicho bombani ni upepo, mgeni asiyetakiwa, na hutolewa. Kinachoingia tangini ni pumzi, na haizuiwi. Maneno matatu, hewa, upepo na pumzi, yaliyolala katika kamusi yangu kama ndugu wanaofanana, yakapewa kila moja kazi yake. Tundu la kifuniko mjukuu alitaka liitwe kipumulio, neno lililoundwa vizuri na ambalo ningelipa alama zote. Babu yake alisema pua ya tangi. Tukapiga kura, pua ikashinda, kwa hoja ya mama: "Nikisoma kipumulio nitauliza ni nini. Nikisoma pua imeziba, najua la kufanya."

Jedwali likabandikwa. Baada ya mwezi vumbi la unga na mafuta vililifanya lisomeke nusu. Hapo nikaombwa kitu ambacho hakikai ukutani, yaani beti. Nilizitunga kwa kuwasikiliza wale watatu, na waliokuwa wakingoja zamu wakazighani hadi zikakaa midomoni:

Injini ikizimika, anzia juu tangini,
Kizibo kikikazika, hewa haipiti ndani,
Mafuta hayatashuka, yatasimama njiani,
Pumzi tu ikifika, husaga hadi jioni.

Ukiuona mweusi, moshi unaofukuka,
Mzigo una kiasi, kinu kimetaabika,
Buluu siyo rahisi, ringi ndani zimelika,
Mweupe usiughasi, ni baridi, utatoka.

Wajuzi wataona kwamba katika ubeti wa kwanza, mshororo wa pili, nimesema hewa na siyo pumzi, kinyume cha jedwali. Ni makusudi: pumzi imewekewa kiti chake katika kituo. Na moshi mweupe, ikiwa unaendelea hata injini imeshapata moto, una maelezo marefu yasiyoingia katika mizani kumi na sita. Hapo tunamtuma mtu kwenye jedwali, au kwa mjukuu, ambaye siku hizi ana simu.

Limebaki neno moja ambalo hatukukubaliana, nami nalileta kwenu. Ni lile la mwendo wa injini kupanda na kushuka wenyewe, gavana akihangaika kuurudisha nao ukimponyoka. Mjukuu husema "inahanti", akilinyofoa kutoka Kiingereza. Babu husema "inatafuta". Mama husema "inahema", nami namwelewa, lakini kuhema kumeshakaribia mno pumzi, na tumeapa kutozichanganya. Nimejaribu "kuyumba", wakaniambia hilo ni la gurudumu lililolegea. Katika safu hiyo ya jedwali pameandikwa kwa penseli, kwa muda, "inapanda-inashuka". Mwenye neno bora alilete hapa chini. Nitalipeleka siku ya Ijumaa, wavu unapopigwa vumbi.